Kuni za Nyumba ya Mwisho

Nilipokuwa nasomea shahada ya pili ya sera ya tabianchi na nishati, hapa Arua hakuna aliyejua hasa nasoma nini. Ndugu zangu wa kijijini Dadamu waliamini nasomea mvua, wakawa wananipigia simu kuniuliza wapande mihogo lini. Chuo chenyewe kilikuwa ng'ambo. Nilisoma kwa kompyuta katika chumba cha kupanga, na wanafunzi wenzangu walikuwa majina tu kwenye kioo. Wiki nzima iliweza kupita sijaongea na mtu ana kwa ana isipokuwa mwendesha bodaboda, naye tulibishana nauli. Sisemi hivi nionewe huruma, maana nilijitakia mwenyewe. Lakini nilikuwa mpweke, tena sana.

Utafiti ulinipeleka Koboko kwa mwezi mmoja. Nilitakiwa kupima kuni katika familia zenye majiko banifu, yale yanayosifiwa kwamba yanakula kuni kidogo. Kazi ni rahisi hata inaudhi: leo unapima kuni kwa mizani ya kuning'iniza, kesho unarudi kupima zilizobaki, na zilizopungua ndizo zilizopikia. Unazigawa kwa idadi ya walaji. Siku saba kila nyumba. Watu wa mtaa wakaniita "mwalimu ya kuni", na wala sikucheka.

Nyumba ya mwisho kwenye mzunguko wangu ilikuwa ya mjane wa Kiislamu, mama mtu mzima ambaye babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudan. Nilimwuliza ni watu wangapi wanakula pale.

"Tuko watano," alisema.

Nikaandika tano. Sikumwona mwingine, nikadhani wametoka.

Siku ya kwanza nilipomaliza kupima, chakula kilikuwa tayari mkekani, kingi kama cha harusi: ugali wa muhogo na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim. Nikasema nina haraka.

"Mutu hapana toka nyumba yangu na njaa," alisema kwa Kiswahili cha kwao, akachukua birika kuninawisha. "Kaa."

Nikakaa. Aliniuliza habari za mama yangu, akaniuliza kwa nini sina mke, na nilipotaja masomo akanitazama juu hadi chini. "Wewe nasoma mpaka nakauka," alisema, akaniongezea ugali. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nazipitia nyumba nyingine mbio mbio ili niwahi pale. Nilikuwa na furaha, na nilijua ni kwa sababu gani.

Jioni ya siku hiyo ya tatu nikamtumia msimamizi wangu namba za mwanzo. Akajibu kwamba nyumba ile inachoma kuni kupita kiasi, je, kuna nini huko? Nikamwambia ukweli, kwamba napikiwa. Hakufurahi. Akaniagiza nianze upya siku saba, na mwenye nyumba aishi kama siku ambazo mimi sipo. La sivyo niitoe, na nyumba zangu zilikuwa chache kiasi kwamba ikipungua hata moja, utafiti hautapita.

Kesho yake nilimweleza mama huku nikiitazama mizani. "Mama, pika tu kama siku mimi hapana iko. Mimi sitakula tena. Ni kazi."

"Kama siku wewe hapana iko," alirudia. "Haya."

Siku iliyofuata kuni zilikuwa na uzito uleule niliouacha. Nilidhani mizani imeharibika, nikapima tena. Siku ya pili vilikuwa vimepungua vijiti viwili vitatu, vya chai. Jiko lilikuwa baridi. Ndipo nikamwuliza wale watano wanakula wapi.

Akahesabu kwa vidole: wawili Kampala, mmoja Juba, mmoja Yei, na yeye. "Yote ni watu ya hapa," alisema. Kisha, kama anayenituliza: "Mutu moja hapana pika, mtoto yangu. Mimi nakula mukate, nakunywa chai. Moto ya mutu moja ni ya nini?"

Nilipaswa kuketi. Njaa nilikuwa nayo, unga ulikuwepo, na kuni nilizipima mwenyewe. Badala yake niliandika namba, nikashukuru, nikamaliza zile siku saba nikiwa nimesimama.

Na ile tano sikuifuta. Utafiti ulitaka familia, siyo mtu mmoja. Ningeandika moja, nyumba ingetolewa, na mimi pamoja nayo.

Miezi kadhaa baadaye nilitetea tasnifu yangu mbele ya wasomi watatu kwenye kioo. Mmoja wao alisita kwenye jedwali langu na kusema kuna nyumba moja ya ajabu: watu watano, na kuni karibu na sifuri. Akataka kujua wanafanya nini, maana sera ina la kujifunza pale.

"Yule mama anajua kulitumia jiko lake," nilisema.

Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika, wakanipongeza. Nilifunga kompyuta, nikaona haya, mwenyewe chumbani, bila mtu wa kumwonea.

Sasa nina shahada. Kutoka hapa Arua hadi Koboko ni mwendo wa saa moja na kidogo, barabara ni ya lami, na sijarudi.