Herufi Tatu Nyuma ya Kiti

Kuna sauti ya mwanamke ambaye hakuna mtu Kitengela aliyewahi kumwona. Ukiwasha gari lililoingia juzi kutoka Japani, kabla hata injini haijatulia, yeye huongea kutoka kwenye dashibodi: maneno machache ya Kijapani, ya upole, kama mtu anayekukaribisha kwake. Wenye magari humzoea. Mimi nikimsikia, hata nikiwa ng'ambo ya barabara, uso hunipata moto, na narudi kuwa msichana wa darasa la sita aliyesimama katikati ya ploti yetu, macho ya wapangaji wote yakiwa juu yake.

Mwaka huo nilikuwa nikijifunza Kijapani. Usicheke. Dada mmoja kutoka Rombo, tuliyemwita Ticha Nashipae, alikuwa amesoma Japani, na aliporudi akaanza kufundisha watoto kila Jumamosi katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Mama alinipeleka kwa sababu alisikia huko Japani wanatafuta watu wa kutunza wazee. Sikuwa mtoto wa kuongea; mgeni akija nilijificha nyuma ya pazia. Mama alisema, "Mdomo utakuja baadaye. Wewe anza na mkono."

Ticha alituanzishia herufi zinazoitwa hiragana. Kila herufi ni silabi nzima, kama zile tulizoimba darasa la kwanza, ila mpangilio ni mwingine: a, i, u, e, o. Mama alinisikia nikikariri huku naosha vyombo, akashangaa. "Nekesa, hata a-e-i-o-u umesahau?"

Nilikuwa mzito wa kuandika, kwa hivyo nilizishika kwanza kwa macho. Ku ilikuwa mdomo wa kuku uliofunguka. Ri ilikuwa nyasi mbili zilizobaki zimesimama baada ya ng'ombe kupita. No ilikuwa pembe ya kondoo dume, na hiyo ndiyo iliyonitesa, maana kila mara niliizungusha upande usiofaa. Nilichora kwa kidole kwenye vumbi la tangi la maji, nikafuta, nikachora tena. Mama akipita na ndoo alisimama kutazama. Haikuchukua muda ploti nzima ikajua kwamba binti yake anasoma Kijapani.

Kisha jirani yetu Baba Shiro, aliyeuza nyasi za ng'ombe, akanunua gari lililotoka Japani. Kwetu gari jipya haliendeshwi hivi hivi, huombewa kwanza. Jumapili alasiri pasta akaja na chupa ya mafuta, wanawake wakapika chapati, watu wakalizunguka gari, milango yote ikiwa wazi. Pasta alikuwa ameinama kupaka mafuta viti vya nyuma aliposimama ghafla.

"Baba Shiro, hii ni nini imeandikwa hapa?"

Nyuma ya kiti cha dereva, chini kabisa, palikuwa na alama tatu za kalamu nyeusi. Watu wakainama kuchungulia. Mmoja akasema vitu vya watu huja na mambo ya watu, na Mama Shiro akamvuta mtoto wake mbali na mlango.

"Si tuko na Mjapani hapa?" Baba Shiro akasema. "Mama Nekesa, si wewe unatuambianga huyu wako anasoma hiyo lugha?"

"Anasoma," Mama akajibu, mikono ikiwa bado na unga. "Nekesa, kuja, mum. Wasomee."

Nilipiga magoti ndani ya gari. Herufi zilikuwa kubwa, zimeyumba, moja juu, nyingine chini. Nilizijua zote. Ya katikati ilikuwa pembe ya kondoo, nayo ilikuwa imegeukia upande usiofaa.

"Mi... no... ri."

"Sauti, mtoto!"

"Minori."

"Haya. Na hiyo ni kusema nini?" pasta akauliza kwa upole.

Hapo nikakwama. Nilitafuta katika maneno machache niliyokuwa nayo: maji, mlima, mbwa, asante. Halikuwamo. Nilimtazama Mama. Alikuwa akitikisa kichwa kidogo, akinihimiza, midomo yake ikisogea kana kwamba angeweza kunisemea.

"Sijui."

"Ai! Kumbe ni kusoma tu kama redio!" kijana mmoja akasema. "Mama Nekesa, huyo Mjapani wako ni wa River Road, feki kabisa!"

Kicheko kikalipuka. Mama alicheka nao. Hilo ndilo nililoshindwa kusahau: alicheka, kisha akatazama mikono yake, akaanza kubandua unga kwenye vidole. Pasta akasema jambo lisilojulikana lisiachwe. Baba Shiro akaleta kitambaa kilicholowa petroli, akasugua mpaka plastiki ikang'aa, sisi tukiwa tumenyoosha mikono tukikemea. Nilisema amina pamoja na wote.

Jumamosi iliyofuata Mama alininyooshea sketi kama kawaida. Nikamwambia tumbo linauma. Akaikunja tena. Sikurudi kwa Ticha tena. Mama alipenda kusema maji yakimwagika hayazoleki, na kweli hakuinama kuyazoa. Hakulitaja neno Kijapani tena mbele ya mtu.

Mwaka jana mdogo wangu Wafula alijifunza kuandika jina lake. Daftari halikumtosha. Aliliandika mlangoni, kwenye beseni, na nyuma ya kochi, chini kabisa, pale mkono wake ulipofika, F ikitazama nyuma. Nilipiga magoti na kitambaa ili nifute, na mkono ukasimama.

Katika gari lile, huko Japani, kulikuwa na mtoto aliyekaa nyuma ya dereva, huenda baba yake, kalamu mkononi, akiwa amejua kuandika juzi tu. Minori lilikuwa jina. Nilikuwa nimelisoma lote, silabi kwa silabi, bila kosa, kisha nikainamisha kichwa kama mwizi. Na jina la mtoto likakemewa kama pepo, nami nikaitikia.

Aibu haijaniacha, imehama tu. Ile ya kuchekwa ni nyepesi sasa. Ninayobaki nayo ni ya yule mtoto, na ya Mama, aliyechekwa kama mwongo mbele ya majirani zake. Siku ile hakusema neno lolote lisilo la kweli. Mtoto wake alijua kusoma.