Duka Lisilotaka Hodi

Juzi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta, Mji wa Kale, nikingoja chaja yangu. Akaingia mama mmoja wa makamo, akaweka mezani kompyuta ya marehemu mumewe, imefungwa kwa leso.

“Alikuwa na mchezo wa shamba humu,” akasema. “Aliununua kwa pesa zake. Sasa wanitaka neno la siri, naye kaenda nalo.”

Fundi akamfungulia maduka matatu ya mtandaoni yanayouza mchezo uo huo. La kwanza ni rahisi, ila kila ukitaka kucheza sharti uingie mtandaoni ukaombe ruhusa.

“Kitu changu, nikipigie hodi?” Mama akapunga mkono. “Pita.”

La pili linakupa mchezo, lakini haufunguki bila programu yao. Mkono ule ule. La tatu ni ghali kidogo, ila unapewa mchezo mzima, unaunakili kwenye flashi, unaucheza upendapo.

“Hata duka likifungwa?”

“Hata likifungwa, mama.”

“Hata mwenyewe akifa?”

Fundi akavua miwani. “Hata akifa.”

Twarithi nyumba, kanzu, hata ugomvi wa mipaka, lakini starehe ya mtu siku hizi inazikwa na neno lake la siri. 

“Lakini mama,” fundi akasema kwa upole, akimpa flashi yenye mchezo, “utaanza na shamba tupu. Lile lake halirudi.”

Mama akaifunga flashi kwenye pembe ya leso, mafundo mawili.

“Si neno, mwanangu. Najua kila mahali alipopanda.”