Suruali ya Kupimia Mtoto

Vita vya wapangaji na wenye nyumba vilipofunga kliniki yetu ya Kibera, nilimbeba binti yangu hadi Kawangware kuchanjwa. Muuguzi akaniomba suruali yenye mikanda ya kumning'iniza kwenye mizani. Kila mama alikuja na yake. Yangu nilikuwa nimeiacha kwenye kamba ya nguo, nyumbani Kianda, huko Kibera. Nilikasirika. Mawe yanarushwa, nani anakumbuka suruali?

Mbele yangu alikaa mwenye nyumba wangu, mama wa Kinubi, na mjukuu wake. Hatukuwa tumesalimiana tangu vita vianze. Alimvua mjukuu suruali yake ya kupimiwa, akanitupia mapajani.

"Haraka, mtoto wako atashikwa na baridi."

Ilikuwa bado na joto nilipomvika binti yangu.

"Ameongeza kilo," muuguzi akasema.

Nikasema, "Asante Yesu."

Mwenye nyumba akasema, "Alhamdulillahi."