Mguu Uliokataa Kutulia

Cherehani ikikimbia ovyo, fundi halii wala hapigi kelele. Analaza kiganja kwenye gurudumu, basi, inatulia. Mshonaji huyu wa sare za shule alifanya hivyo mwaka nenda mwaka rudi, katika chumba cha chini ya ghorofa ambako taa hazizimwi. Aliingia alfajiri, akatoka giza limeshatanda. Hata alipokuwa mjamzito alishona, tumbo likigusa meza. Kiuno na miguu vilimuuma, akasema ndiyo mimba yenyewe.

Mtoto alikuwa na wiki moja tu mguu wake wa kulia ulipoanza kurukaruka. Mama mkwe, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hebu mtazame mume wangu! Kashaanza kukanyaga cherehani. Mwanangu, mtafutie kitambaa!"

Fundi naye akacheka. Nani asingecheka? Siku nzima utani ukawa huo.

Kesho yake alikuwa akimbadilisha nepi, mguu ukaanza tena. Kwa mazoea tu ya kazi, akaulazia kiganja. Haukutulia. Akakaza kidogo. Wapi! Ukaendelea kuruka chini ya mkono wake, mwendo ule ule. Macho ya mtoto yakaenda upande mmoja, yakaganda huko huko, na midomo ikaanza kuwa ya kijivu. 

"Mama! Njoo, huyu hachezi!"

"Anashtuka tu, mwanangu, watoto wote..."

"Shika mwenyewe!"

Mama mkwe akashika. Utani ukamkauka mdomoni. "Chukua shuka," alisema, "twende hospitali."

Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, alimpima mtoto damu, kisha akampima na mama yake. Majibu yakaja.

"Kalsiamu ya mtoto imeshuka vibaya, ndiyo maana ana degedege. Yako nayo iko chini, na vitamini D ndiyo huna kabisa. Jua unaliona lini?"

Fundi akahesabu: anaingia alfajiri, anatoka giza.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemnyima."

"Hukuwa nayo ya kumpa. Na kliniki tulipaswa kukuuliza mapema."

Dawa ikaingizwa kwenye mshipa polepole, muuguzi habanduki kwenye mashine ya mapigo ya moyo. Fundi alikuwa na kiganja chake pale pale mguuni. Mguu ukaruka, ukaruka tena, ukasimama.

Kimya hicho kilimtisha kuliko yote. Alijua cherehani ikifa inavyokuwa mkononi.

"Amekwenda! Jamani, mwanangu amekwenda!"

"Amelala, mama," muuguzi akasema. "Mapigo yake haya hapa."

Fundi hakuamini mashine ya mtu. Akaukwaruza unyayo kwa ukucha. Mguu ukajikunja, ukamtandika teke kidoleni, na mwenye mguu akaangua kilio cha hasira. Fundi akalia naye kwa sauti, bila haya.

Mama mkwe alifungua mdomo, akaufumba.

"Useme tu, mama, ule utani wako," fundi akamwambia.

"Siusemi," bibi akajibu, machozi yakimtiririka. "Siusemi mpaka nimwone anakanyaga ya kweli."