Ngoma Tulizofundishana

Kwetu Bunia, bale ni kundi la ngoma: njuga miguuni, majani kiunoni. Shule yetu ilianza katika depo, ghala la kahawa, mtaa wa Rwambuzi. Mwalimu wetu, mjane aliyewahi kucheza Kinshasa, aliifagia depo, akaweka vitanda, akapokea wasichana kutoka kila upande wa Ituri. Tulikula na kulala hapo hapo. Harufu ya kahawa haikutoka kwenye mablanketi.

Alikuwa na sheria moja ambayo wazazi waliicheka. Hakuna aliyecheza ngoma ya kwao mbele ya watu. Wawili wa kitanda kimoja walikuwa wa makabila mawili, na kila mmoja alimfundisha mwenzake ngoma yake. Mimi nililala na msichana wa Boga. Alinicheka sana: "Weye unakanyaga kama mutu anaua siafu." Lakini yeye ngoma ya kwetu aliicheza kunishinda mimi mwenyewe.

Vita vilipoingia mjini, kabila lake na langu yakawa pande mbili. Mwalimu alitusihi tusimwambie mtu kwetu ni wapi. Tuliacha kupiga ngoma. Kutwa tulisikiliza lango. Bakuli likianguka jikoni, wadogo walijikojolea.

Walikuja asubuhi, wapiganaji wa upande wa rafiki yangu. Mwalimu alikuwa ametoka kututafutia muhogo. Tulisimamishwa uani. Mkubwa wao hakuuliza majina. Alisema hii ni shule ya ngoma, basi kila mmoja acheze ya kwao, yeye atajua adui ni nani.

Nilianza mimi. Nilicheza ngoma ya rafiki yangu, na miguu haikukosea. Hadi leo sijui kama nilifikiri, au ni mazoea tu. Mkubwa akanionyesha ukuta, nikasimame huko, upande wa watakaosalimika.

Kisha akaitwa rafiki yangu. Kwa hofu mwili wake ukashika kile ulichozoea mbele za watu: ngoma ya kabila langu. Alifika katikati ndipo akaelewa, akasimama. Akaanza kuwaambia, kwa lugha yao, kwamba yeye ni mtoto wao.

"Na luga pia munafundishana hapa," mkubwa akasema.

Nikamwambia ni kweli, huyu ni wenu. Akanijibu ninyamaze, nisijiharibie. Sikusema mimi ni nani. Walimtoa nje ya lango, na hatukumwona tena.

Mwalimu aliporudi alituamuru tutawanyike siku ile ile. Depo haikusikia njuga tena.

Barabara ilipofunguka, mama wa rafiki yangu alikuja kutoka Boga kunitafuta nyumbani. Nilimweleza yote kama nilivyoandika hapa. Sikuweza kumtazama usoni, na niliogopa mikono yake. Akauliza ni nani aliyemfundisha mwanawe ngoma ile.

"Ni mimi, mama."

"Cheza nione."

Nikavua viatu.