Mama Sifa na Barua ya Daraja

Asubuhi ile Émérance alikunywa chai akiwa amesimama, kama siku zote alipokuwa na safari. Kikombe kilikuwa mkono wa kushoto na kalamu nyekundu mkono wa kuume, na daftari za wanafunzi zilikuwa wazi juu ya meza. Raphaël, mume wake, alikuwa ameketi mlangoni ananoa jembe. Uani muhogo ulikuwa umeanikwa juu ya mkeka, na mbuzi wa jirani alikuwa akiutazama.

"Baba Sifa," mke akasema bila kuinua macho, "huyu mbuzi akikula muhogo, wewe utakula majani yake."

"Aje tu. Atanikuta niko na jembe."

"Jembe unalinoa tangu jana. Mutu akikuona atasema unaenda vitani."

Raphaël akacheka kidogo. Si mtu wa kucheka sana. Akauliza habari za ile barua ya Kiingereza, ya kuomba daraja. Émérance akasema barua bado iko kwa Magloire, prezida wa komite ya daraja, kwa maana komite haijapatana.

"Ile Kiingereza yenu inaogopa watu," Raphaël akasema. "Inazunguka, inazunguka, haifiki."

"Haiogopi. Inanawa mikono kwanza, ndipo inagusa sahani."

Akafunga kitenge, akachukua daftari zake. Pikipiki ilikuwa ikingoja barabarani. Alikuwa anakwenda Wamaza, kwa wanafunzi wa kalasi ya sita waliokuwa karibu na mtihani wa serikali. Hakuaga kwa maneno marefu. Alisema tu muhogo uingizwe ndani kama mvua itakuja.

Mvua haikufika Kabambare siku ile. Ilinyesha kwenye chanzo cha mto Kibila, mbali, na mto ukajaa bila watu wa chini kujua. Daraja la Kibila ni magogo tu, na yameoza. Kila abiria anashuka, anatangulia kwa miguu, mwenye pikipiki anasukuma nyuma. Émérance alishuka na kutangulia. Gogo likageuka. Alipatikana upande wa chini wa mto, penye mizizi ya miti, kitenge chake bado kimefungwa vizuri.

Huyo ndiye mwanamke aliyekuwa ameandika barua ya kuomba daraja lile lijengwe.

Alizaliwa Wamaza, katika nyumba ya wakulima. Kifaransa alikipata shuleni. Kiingereza alikipatia ugenini, ng'ambo ya ziwa, miaka ya vita, walipokaa yeye na Raphaël katika kambi ya wakimbizi pamoja na mama yake mzazi. Mama aliugua. Émérance, na Kiingereza chake cha siku chache, aliandika karatasi: lazima mumpe mama yangu dawa. Mtu wa dirisha la dawa akaisoma, akairudisha, akafunga dirisha. Mzee mmoja mkimbizi, aliyekuwa karani huko kwao, akamwonyesha njia. Mwingereza akiandika barua ya heshima, alisema, haombi akikutazama machoni. Anatanguliza kwanza kwamba anaomba, au anatumaini, au imeonekana vema. Halafu anaweka 'that', ndiyo 'kwamba' yao. Nyuma ya 'that' ndipo linakuja jambo lenyewe, na jambo hilo linatembea na 'should', ndiyo 'ingefaa', au 'may', polepole, kama mtu aliyebeba mtungi. Émérance akaandika upya. Dawa ilitoka. Mama yake aliishi miaka mingine, akafia kwao, akazikwa kwao.

Waliporudi Kabambare, alifundisha hivyo hivyo. Raphaël hakusoma hata siku moja, lakini jioni alisikia wanafunzi wakikariri uani, na yale maneno mawili, 'that' na 'should', yaliingia masikioni mwake yakakaa. Maana yake hakuijali. Aliona ni desturi za wazungu.

Shirika lenye kujenga madaraja lilipopita na kusema maombi yaandikwe kwa Kiingereza, watu hawakujiuliza nani ataandika. Émérance aliandika: tunaomba kwa heshima kwamba daraja la Kibila lingefaa kutengenezwa kabla ya masika. Magloire aliposomewa kwa Kiswahili alikunja uso.

"Mama mwalimu, hii ni barua ya mutu mwenye njaa. Weka 'must'. Lazima watengeneze. Wakiona tuko wapole watapeleka daraja kwa wengine."

Nusu ya komite ilisimama na Magloire, nusu na Émérance. Barua ikalala kwa prezida, mpaka Kibila kikamchukua mwandishi wake.

Komite yote ilikuja matangani. Watu walijaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kanisa. Sonia, aliyekuwa mwanafunzi wa Émérance na sasa ni mwalimu mwenziwe, aliketi karibu na Sifa, binti wa marehemu. Magloire akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sasa hakuna upole tena," akasema. "Mama mwalimu amekufa. Sonia ataandika barua upya, aweke 'must' kila mstari. Ninyi mliokataa, muko wapi leo?"

Kelele ikapanda. Mmoja akamjibu kwamba ni yeye aliyeiweka barua mpaka mtu akafa. Mwingine akamwambia huyo anyamaze, yeye hata siku ya kukata magogo hakuonekana. Sifa akajifunika uso.

Raphaël alikuwa ameketi chini. Kwa watu wa upande wao, mwenye msiba hasemi mbele ya mkutano kabla hajanyolewa. Akiwa na neno, anamnong'oneza shemeji, na shemeji ndiye mdomo wake. Raphaël akamvuta mkono Dominique, kaka wa marehemu.

"Waambie Magloire ana haki," akanong'ona. "Waandike lazima. Waandike ya kuwa wameua muke wangu. Lazima wajenge. Lazima waumie kama mimi."

Dominique alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasimama, akavua kofia.

"Mwenye msiba anasema," akaanza. Watu wakamgeukia mmoja mmoja. "Mwenye msiba anasema kwamba muke wake amekufa katika Kibila. Anasema kwamba haifai mutu mwingine afe pale. Anasema kwamba ingefaa daraja lile lijengwe, na wenye uwezo wangeombwa wasikawie."

Raphaël alimshika suruali. Si hayo niliyosema, alitaka kumwambia. Hasira ilimpanda mpaka shingoni. Lakini mdomo wake haukuwa wake siku ile, akabaki amekaa.

Hapo akasikia kimya. Wale waliokuwa wanatupiana maneno walitazama chini. Magloire akaketi. Neno la Raphaël lilikuwa limepita kwa mtu mwingine, likavuliwa makali, na bado lilikuwa lake, zito kuliko lilivyotoka. Lingekuja uchi, wangelipiga. Lilivyokuja limevaa, hawakuona pa kulishika.

Akakumbuka jioni zote zile, sauti za watoto uani, 'that', 'should'. Akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu walipomtoa mkewe majini.

Akamvuta Dominique tena. Safari hii hakunong'ona mengi.

"Mwenye msiba anasema," Dominique akasema, "kwamba ingemfurahisha barua iende kama marehemu alivyoiandika."

Sonia akauliza kwa adabu kama angeruhusiwa kuongeza mstari mmoja chini, kwamba mwandishi wa barua hii amefariki katika mto huo huo. Raphaël akakubali kwa kichwa. Magloire mwenyewe akaitoa barua kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amekuja nayo.

Barua imekwenda. Jibu halijafika. Watu wanashuka bado kwenye pikipiki pale Kibila, wanatangulia kwa miguu. Raphaël hapiti. Akiwa na kazi ya upande ule, anazunguka kwa njia ya porini, hata kama jua ni kali.

Neno moja la mke wake hakulielewa wakati ule. Ilikuwa jioni Émérance aliporudi kutoka komite, siku ile Magloire alipoikataa barua. Raphaël alimwambia, we Mama Sifa, si ungewapa tu hilo 'must' lao mambo yaishe? Émérance alikuwa akipakua sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alijibu hivi:

"Sikuandika lazima, sababu fimbo sina. Niliandika ingefaa, sababu haki niko nayo. Sasa sogeza chumvi, sombe inapoa."