Mkono Ulioshika Uzi Darini

Maofisini walimwita Twiga, wala si kwa urefu wa shingo. Kazi yake ilikuwa kupitisha nyaya za mtandao juu ya zile dari za vigae vyepesi vilivyolazwa kwenye fremu za bati, na kazi hiyo humtaka mtu asimame juu ya ngazi, asukume kigae kimoja kando, kisha kichwa kipotelee huko juu. Makarani wengi walimjua kwa miguu tu. Wangekutana naye barabarani wangempita kama hawajawahi kumwona, lakini viatu vyake, loo, viatu vyake walivitambua wote.

Miaka yote alifanya kazi na mumewe. Yeye hurusha uzi gizani, juu ya vichwa vya watu wanaobofya kompyuta zao. Mume huupokea chumba cha mwisho, akauvuta, na waya ukafuata. Kwa kuwa ofisini huwezi kupiga kelele, walizungumza kwa uzi wenyewe. Mvuto mmoja, simama. Miwili, twende. Na mume, mtu wa mizaha yule, kabla ya kuvuta lazima autikise uzi kidogo kidogo, kama anayemtekenya mkewe kiganjani. Twiga akicheka peke yake huko juu, waliokaa chini wakidhani fundi kachanganyikiwa.

Basi mume akaugua, akafa. Na niseme ukweli, maana kuficha hakumsaidii mtu: tangu siku ya maziko Twiga hakuwa na hamu nyingine ila kumfuata. Binti yao alikuwa bado mdogo, ananyonya kidole, na hata huyo hakumtosha. Alimwogesha, alimlisha, alimpeleka kwa bibi yake, lakini moyo haukuwapo. Watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Aliwaitikia tu.

Jumamosi moja asubuhi, ofisi tupu, alikuwa juu ya ngazi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ndiye aliyechukua nafasi ya kaka yake, na alikuwa ametumwa chumba cha mitambo mwisho wa ukumbi akaupokee uzi. Twiga akafunga nati ya chuma kwenye ncha uwe mzito, akaurusha. Nati ikagonga bati kule mbali, kisha kimya. Akasubiri, vumbi likimkereketa kooni. Uzi ukatikisika kidogo kidogo.

Ule mkono aliujua. Akavuta mara moja, akangoja, nao uzi ukatikisika tena.

Hapo mlango ukafunguliwa nyuma yake, shemeji akaingia anahema. Akaeleza kwamba chumba cha mitambo amekikuta kimefungwa, akashuka hadi kwa mlinzi kufuata ufunguo, amsamehe kwa kumchelewesha. Ufunguo huo hapo mkononi. Na uzi ulikuwa unavutwa.

Fundi yeyote wa nyaya atakwambia: uzi hauzungushwi mkononi, hata kwa mzaha, maana anayevuta hakuoni, atakuangusha. Twiga akauzungusha kwenye kifundo cha mkono, akaukaza, akavuta mara mbili.

Uzi ukamchukua. Mkono ukazama darini mpaka begani, vigae vikapasuka, vumbi jeupe likamwagika, na shemeji akaona visigino vinaachana na ngazi. Akamdaka miguu, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote.

"Achia, shemeji! Nani huyo anavuta?"

"Niache. Ni kaka yako."

Akazidi kupanda, na shemeji naye akainuka kwenye ncha za vidole. Kisha uzi ukalegea. Haukukatika. Twiga akauvuta, ukaja wote bila ubishi, na ncha yake, pale anaposhika mtu, ilikuwa na joto la kiganja.

Shemeji akamshusha. Twiga akaketi juu ya boksi la waya, mkono umechubuka unatoka damu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akalia. Alilia kwa hasira, kilio cha mke aliyefungiwa mlango na mumewe.

"Amenikataa," akasema. "Kaka yako amenikataa."

Shemeji akamfunga leso pale palipochubuka. Akamuuliza tu ampeleke wapi.

Twiga akajifuta uso wenye vumbi. "Kwa mwanangu. Nina pa kwenda pengine?"